Chumba cha Giza: Picha elfu sita, halafu?

Safu hii hujibu barua za wapigapicha, wakubwa kwa wadogo. Mwezi huu barua zilizorundikana mezani zinazunguka jambo moja: mtu anataka kufanya utafiti wake mwenyewe kwa kamera, na hana chuo, hana msimamizi, hana mfadhili. Nimechagua tano. Ya kwanza imeninyima usingizi, kwa hiyo jibu lake ni refu. Wenye zile nyingine mtaniwia radhi.

Shikamoo Mwalimu. Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikipiga picha za watu wanaosubiri: vituoni, kwenye korido, nje ya milango iliyofungwa, popote pale. Nina picha kama 6,000, nyingine za simu, nyingine za kamera niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kila ninayemwonyesha anasema "nzuri," halafu ananyamaza. Rafiki yangu aliyesomea sanaa alinishauri nizigeuze ziwe mradi wa utafiti wa kisanaa, lakini alipomaliza kunieleza nikawa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Kazi yangu ya kila siku haihusiani kabisa na picha. Nakutumia kumi na mbili ninazozipenda zaidi. Nianzie wapi? — Mwenye Picha Elfu Sita

Marahaba, mwanangu. Pole kwanza kwa maelezo ya rafiki yako. Hayo maneno "utafiti wa kisanaa" yametisha watu wengi bure. Maana yake ni kwamba kuna kitu hukijui, nawe umeamua kukitafuta kwa kupiga picha, badala ya kugawa dodoso au kujifungia maktaba. Basi. Kama unajua tangu mwanzo utakachokiona, hapo hutafiti, unapamba.

Wewe una mada, huna swali. Kusubiri ni mada, na mada haijui kukataa picha. Mtu kasimama mlangoni, anasubiri. Mtu kajinyoosha kwenye benchi, anasubiri. Hata paka juu ya ukuta anasubiri. Ndiyo maana umefika 6,000, na ungeweza kufika 60,000 bila kuchoka. Swali lina tabia nyingine. Linachagua, linakataa, na mara nyingi linakulazimisha upige picha ambayo kwa hiari yako usingeipiga. Hao wanaosema "nzuri" kisha wakanyamaza hawakudharau. Umewapa cha kutazama, hukuwapa cha kufuatilia.

Sasa zile kumi na mbili. Nilizichapa ndogo, kila moja saizi ya kiganja, nikazipanga mezani na kuziacha hapo siku mbili. Sikutafuta uzuri, nilihesabu tu. Katika picha tisa anayesubiri hakutazami, na wengi wao hawajui hata kama upo: umesimama mbali, umewavizia. Katika zote kumi na mbili hakionekani kile kinachosubiriwa, liwe basi, awe daktari au karani. Na katika kumi na moja mikono imeshika kitu: mfuko, bahasha, simu, kitambulisho, chupa ya maji iliyokwisha.

Ya saba ndiyo iliyonikwamisha. Mwanamume kalala akiwa amekaa, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo. Nahisi uliipiga kwa sababu ya mwanga wa dirisha uliomwangukia shingoni, na kweli ni mwanga mzuri. Lakini hebu utazame mkono wake wa kushoto. Chini ya mkanda wa saa kuna kikaratasi kilichokunjwa mara mbili, pembe moja imechomoza, na kwenye pembe hiyo inasomeka 74. Ni namba yake ya foleni. Amekubali kulala, ila kabla ya kulala ameichomeka mahali ambapo mtu akiigusa tu, ataamka. Nilichukua kioo cha kukuzia: ukingo wa karatasi umeshaanza kulainika kwa jasho. Huyu mtu hakufika saa ile.

Kwa maoni yangu swali lako limejificha hapo. Mtu anayesubiri huuweka wapi ushahidi kwamba zamu yake ipo?

Ona linavyofanya kazi. Linazitupa nje picha zako nyingi, pamoja na zile za machweo kituoni ambazo najua zitakuuma kuziacha. Linakusogeza karibu, maana kikaratasi chini ya saa hakionekani ukiwa hatua thelathini. Tena linaweza kukuletea jibu ambalo hukulitarajia. Labda utafika mahali ambapo watu hawapewi karatasi, na ushahidi pekee ni jirani aliyeambiwa "mimi niko nyuma yako." Zamu iliyohifadhiwa kichwani mwa mtu mwingine utaipigaje picha? Sijui, na wewe hujui, na hapo ndipo utafiti unapoanza. Kama swali hili halikugusi, litupe utafute lako, lakini liwe na meno kama haya.

Nasema hivi kwa kuwa nami nilipotea njia hiyohiyo. Nilipofunga studio yangu niliamua kupiga picha za vitu vilivyovunjika vikatengenezwa: viti, mabeseni, miwani, miavuli. Nilipiga mwaka na nusu. Siku moja nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kiti chenye waya uliosukwa kwa ustadi kweli, mwenyewe akaniuliza, "Mbona kile hukipigi?" Alinionyesha stuli pembeni, mguu wake umepigiliwa misumari mitano, mitatu imepinda na mmoja umetokeza upande wa pili. Nikamjibu kwamba mwanga hautoshi. Ulikuwa uongo. Sikuipiga kwa sababu ilikuwa mbaya. Akasema stuli ile ilitengenezwa na mwanawe akiwa na miaka tisa, na kila fundi anayekuja kufanya kazi nyumbani huomba airekebishe, naye hukataa. Usiku ule nilipitia kazi yangu yote ya mwaka na nusu nikaona nimekusanya mishono mizuri tu. Swali la kwa nini kitu kilichotengenezwa vibaya kinaendelea kutumika lilikuwa mbele yangu siku zote, nami nililipita kwa kuwa halikupendeza kwenye fremu.

Ukishapata swali, jiwekee kanuni. Hili nililijifunza kwenye picha za pasipoti, kazi ambayo wapigapicha wengi huiona ya aibu. Kwa miaka kumi na tisa niliwakalisha watu mbele ya ukuta uleule mweupe, uso mbele, mdomo umefungwa, masikio yaonekane. Kwa sababu kila kitu kilikuwa kilekile, niligundua jambo ambalo nisingeligundua kwa picha za harusi: karibu hakuna mtu mwenye masikio mawili yaliyo sawasawa. Kanuni hukutoa wewe njiani ili kitu chenyewe kionekane. Wajerumani wawili, mume na mke, Bernd na Hilla Becher, walianza mwaka 1959 kupiga pamoja picha za minara ya maji, matanuru ya chuma na mitambo ya migodini. Kamera kubwa, mtambo umetazamwa usoni, anga ya mawingu ili vivuli visizidi upande mmoja, na watu hawamo. Walishikilia hivyo kwa miongo kadhaa. Mnara mmoja peke yake utakupigisha miayo. Ipange tisa pamoja, na utaanza kuona jinsi kila mjenzi alivyoamua miguu ya mnara wake, tangi lake na ngazi yake.

Yako inaweza kuwa nyepesi tu: lenzi moja, umbali ambao ungeweza kunyoosha mkono ukamgusa, mikono na kilichomo mikononi, bila flashi, kisha fremu ya pili ya mahali pote. Daftarini andika saa uliyopiga na saa aliyoniambia amefika. (Nimeandika "aliyoniambia" kana kwamba mimi ndiye nitakayekuwa pale. Unaona ulivyonitia hamu.) Jaribu na watu ishirini. Kanuni ikikushinda mahali fulani usiibadilishe palepale. Andika imeshindwa wapi na kwa nini, maana mara nyingi pale inaposhindwa ndipo kuna jambo jipya.

Ukisogea karibu hivyo, mchezo wa kuvizia umekwisha. Lazima uombe ruhusa. Na hapa kusubiri kuna mtego wake: mtu aliye kwenye foleni hawezi kukukimbia. Akiondoka anapoteza zamu. Kwa hiyo "sawa" yake ipime mara mbili, na akisitasita chukua kusita kwake kuwa hapana. Omba ruhusa ya kupiga, kisha, siku nyingine au kwa simu, omba ruhusa ya kuonyesha, kwa kuwa hayo ni mambo mawili. Ndani ya hospitali na ofisi utahitaji pia kibali cha wenye jengo. Halafu karatasi unazozipenda zina majina, namba za vitambulisho, pengine na jina la ugonjwa. Namba ya foleni yatosha. Vingine vikunjwe au vifunikwe na kidole kabla hujabonyeza. Usitegemee kuja kufuta kwenye kompyuta baadaye.

Wape nafasi nao waseme. Kuanzia mwaka 1977, Mmarekani Jim Goldberg aliwapiga picha watu maskini na matajiri wa San Francisco majumbani mwao, kisha akawaomba waandike kwa mkono wao kwenye picha zenyewe. Kuna walioandika maneno yanayoipinga picha waliyomo. Wewe unaweza kumrudishia mtu picha ya mikono yake na kumwachia ukingo mweupe chini. Utashangaa.

Wakati mwingine mbinu yenyewe hubeba swali. Mpigapicha Mjapani Hiroshi Sugimoto, tangu miaka ya 1970, aliingia kwenye kumbi za sinema akafungua shata (kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga) filamu inapoanza na kuifunga inapokwisha. Hadithi nzima, nyuso zote na maneno yote, vikageuka kuwa mstatili mmoja mweupe unaomulika viti vitupu. Fikiria kamera iliyokaa kwenye benchi muda uleule aliokaa mwenye namba. Anayetulia atabaki, anayehangaika atayeyuka. Sisemi ufanye hivyo, na pengine itatoka mbaya. Ila jaribu mara moja, bila kumwambia mtu.

Yale yaliyobaki nitayapitia haraka. Usifute hizo 6,000. Miaka ya 1930, Roy Stryker, aliyesimamia mradi mkubwa wa picha wa serikali ya Marekani vijijini, alikuwa akitoboa kwa mashine negativu (vipande vya filamu ambavyo picha huchapwa kutokana navyo) alizozikataa. Leo watu wanazitafuta na kuzitazama hizohizo zenye tundu jeusi katikati. Kilichokataliwa kinasema mengi juu ya aliyekataa. Chapa 200 ndogo za bei rahisi, zitandaze sakafuni, kaa nazo wiki nzima uone zinavyosogeleana zenyewe. Faili weka nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba yako. Badala ya msimamizi tafuta watu wawili, mmoja anayejua picha na mmoja asiyejua kabisa ila anajua kusubiri. Wakutane nawe kila baada ya miezi miwili, uwaonyeshe na zile mbaya. Kwa kuwa umeajiriwa, Jumamosi mbili kwa mwezi kwa miezi tisa zinatosha kujua kama swali lina uhai. Na kumaliza? Utakuwa karibu kumaliza pale picha tatu mfululizo zitakapokuambia jambo ulilokwishaandika daftarini.

Yule wa 74, kama unakumbuka ulimwona wapi, mtafute. Bado hajui kwamba picha yake ipo.

Mwalimu, nina mwaka mzima nikiwapiga picha wafanyakazi wa zamu ya usiku, kila mmoja amesimama na chombo chake cha kazi. Juzi nimeonyeshwa picha za August Sander, yule mpigapicha Mjerumani, nikaishiwa nguvu. Yote alishayafanya yeye, tena zamani. Niache? — Nimechelewa

Hukuchelewa. Umempata mtu wa kuzungumza naye. Anayefanya utafiti bila kujua waliomtangulia ndiye mwenye msiba, maana atarudia jambo akidhani amelianzisha.

Sander alikuwa akiipanga jamii ya Ujerumani kwa kazi na matabaka, kuanzia mkulima hadi asiye na ajira. Mwaka 1929 alitoa kitabu chenye sura 60 za watu, na mwaka 1936 Wanazi wakaharibu bamba za kukichapia, kwa sababu Wajerumani aliowaonyesha hawakufanana na wale waliowataka wao. Swali lake lilikuwa jamii imepangwaje. Je, lako ni hilo? Sidhani. Kwenye barua yako nzima, kabla sijaifupisha hapa, umeandika "usiku" mara tano na "kazi" mara mbili. Chukua picha yake moja, iweke kando ya yako, kisha andika mambo matatu ambayo yake haiwezi kuyauliza. Saa tisa usiku mgongo unasimamaje? Macho yanatazama wapi taa zikiwa za kiwandani?

Kurudia mbinu si wizi. Mnigeria J. D. 'Okhai Ojeikere, kuanzia mwaka 1968, alipiga picha takriban 1,000 za mitindo ya nywele za wanawake, nyingi kutoka kisogoni, mandhari tupu nyuma. Ukiangalia kwa juujuu utasema ni orodha kama ile ya minara niliyoitaja hapo juu. Ukae nazo kidogo utaona anahifadhi kazi ya mikono ambayo msusi akiifumua imekwenda, haipo tena. Mbinu inakaribiana, swali liko mbali.

Habari Mwalimu. Nimepata kwenye sanduku la vitu vilivyotupwa albamu yenye picha 63 za familia nisiyoijua. Hakuna jina hata moja, nyuma ya picha nne kuna tarehe tu. Nataka kuifanya mradi: niwatungie maisha yao. Kuna ubaya? — Mwokota Albamu

Salama, ndugu yangu. Kuna ubaya, na kuna uzuri, inategemea unaanza na mkono upi.

Kuwa na karatasi mkononi hakukupi haki ya picha iliyomo. Kwa kawaida hakimiliki hubaki kwa aliyepiga au warithi wake hata albamu ikipita mikono kumi. Hilo ni la sheria, na sheria za nchi yako utazisoma. Linalonikera mimi ni neno "niwatungie." Hao watu walikuwa na maisha, hawakuwa na upungufu wa hadithi. Unawatungia kabla hujawatafuta?

Marehemu Santu Mofokeng wa Afrika Kusini alikusanya picha za familia za Waafrika zilizopigwa studio kati ya mwaka 1890 na 1950, zilizokuwa zimelala kwenye makabati na masanduku ya wenyewe. Alikwenda kwa familia. Aliuliza huyu ni nani, picha hii ilipigwa kwa ajili gani, waliopigwa walitaka waonekane vipi. Pale jibu lilipokosekana, aliliacha swali lionekane kuwa swali. Pengo lile lina uzito kuliko hadithi yoyote ambayo angeitunga.

Wapo walioacha maelezo kabisa kwa makusudi. Mwaka 1977 Larry Sultan na Mike Mandel walitoa kitabu cha picha walizozichagua kwenye hifadhi za idara za serikali na makampuni ya Marekani, hakuna maelezo chini ya picha hata moja, na matokeo yake ni ya ajabu na ya kuchekesha. Lakini wao walichokonoa mafaili ya taasisi. Wewe una mtoto amepakatwa na mtu ambaye huenda bado yu hai.

Nikukumbushe pia ile picha mashuhuri ya mpigapicha Mmarekani Dorothea Lange ya mwaka 1936, mama kwenye kambi ya wavuna mazao California, watoto wameficha nyuso mabegani mwake. Lange hakuandika jina la mama huyo. Dunia ilimjua tu kama mama mhamaji hadi mwaka 1978, miaka 42 baadaye, alipojulikana kuwa ni Florence Owens Thompson, na hakufurahia jinsi sura yake ilivyotumiwa. Picha ilisaidia watu, sikatai. Yeye, kwa miaka mingi, haikumsaidia.

Kwa hiyo anza na zile tarehe nne. Tazama mihuri ya studio nyuma ya karatasi, pindo lililokatwa mawimbi au lililonyooka, aina ya karatasi, viatu, namba za magari, mbao za matangazo nyuma ya watu. Jipe miezi sita ya kuwatafuta kwa dhati na uandike kila mlango uliobisha. Ukiwapata, warudishie albamu kwanza, mradi baadaye. Usipowapata, kutafuta kwenyewe ndiyo mradi, na hakuna haja ya kutunga kitu.

Mwalimu, nimeombwa maelezo ya kazi ya maneno 150. Nimeandika kwamba picha zangu "zinahoji mipaka ya utambulisho katika nafasi za mpito." Inatosha? — Msanii

Hapana. Hata wewe hujui zinahoji nini. Sentensi ya kwanza iwe na kitu kinachoshikika: umepiga nini, wapi, kwa muda gani, kwa kanuni ipi. Ya pili iseme ulikuwa hujui nini. Ya tatu iseme kitu kimoja kilichokushangaza. Ukifika hapo umetumia maneno sabini hivi, na yaliyobaki wasamehe wasomaji.

Shikamoo. Naanza mradi wangu wa kwanza. Je, ni kweli kazi ya utafiti hupendeza zaidi ikiwa nyeusi na nyeupe? — Mwanafunzi

Marahaba. Hupendeza, ndiyo. Na kupendeza huko kulinigharimu.

Mwaka wa kwanza wa ule mradi wangu wa vitu vilivyotengenezwa niliupiga wote kwa filamu nyeusi na nyeupe, kwa sababu tu niliona ndivyo watu makini wanavyofanya. Sikujiuliza rangi ina kazi gani katika jambo ninalolitafuta. Baadaye, nikishaanza kuwauliza wenye vitu nani alitengeneza na kwa nini hivi, mama mmoja alinionyesha begi la shule lililoshonwa kwa uzi wa machungwa kwenye kitambaa cha buluu. Nikamwambia lazima uzi wa buluu ulikuwa umekwisha. Akanitazama kama mtoto. Ulikuwepo, akasema, tele. Alichagua machungwa ili binti yake akiwa darasani aone kwamba kuna mtu alikaa akamshonea.

Nilirudi nyumbani nikatoa negativu za mwaka mzima. Mishono yote ilikuwa kijivu juu ya kijivu. Nikaanza kuwazungukia wenye vitu, mmoja mmoja, na kamera ya rangi. Wengine walikuwa wamehama. Kulikuwa na mwavuli ambao kwenye picha yangu uzi wake hauonekani kabisa, umemezwa na kitambaa, na huo ndio nilioutaka kuliko yote. Mwenyewe alikuwa ameshautupa. Nilimuuliza uzi ulikuwa wa rangi gani. Mwekundu, akasema. Mkewe akaitikia kutoka chumba cha pili kwamba ulikuwa wa kijani.